Machela Ilisubiri Amina

Jamani, leo uwanjani Makambako nimesikia kichefuchefu, na sijala kitu kibaya.

Beki wetu kavunjika mguu, damu inamtoka, analia chini.

Diwani akadaka maiki: "Tusimame tumwombee!"

Mchungaji akaomba, akaomba weee. Alipomaliza akaitwa shehe, maana wapigakura ni wa pande zote.

Wenye machela nao wamefumba macho!

Mimi, mwalimu nisiyeamini Mungu, nikainyakua machela, nikamvuta kaka wa majeruhi, tukambeba hadi kwenye bajaji, wakaondoka.

Huku nyuma maiki inanguruma: "Mnaona? Mungu amejibu!" Makofi.

Narudi, diwani ananinong'oneza: "Mwalimu, siku nyingine uheshimu maombi."

Nyie mngemjibu nini?

Mimi nilimpa mkono wa kwaheri. Ulikuwa bado na damu ya beki.