Mchoro wa Kiitaliano uliotaka kuninyima mwali

Wakuu, habari za humu. Leo nasema kweli tupu, pamoja na ile niliyoikana miaka yote: mimi nilichezwa.

Chuoni nikiulizwa kuhusu unyago nilikuwa nacheka, "Hayo ya bibi zetu bwana." Uongo. Nilikaa ndani, nikafundwa. Niliyofundwa siyasemi, msijisumbue kuja PM.

Tuendelee.

Naishi Kibiti, naandika makala, zile zinazosomwa na mhariri na mama yangu. Juzi nilikuwa naandika kuhusu mchoro wa rangi za mafuta kutoka Italia, wa karne zile wasanii wao walipozama kwenye hadithi za kale za Wagiriki na Warumi.

Mungu wao wa kike wa uwindaji anaoga na wanawake wenzake. Mwindaji anatokea, anasukuma pazia. Wote wamegutuka. Mmoja, mwanamke mweusi, anamsitiri bibi yake, yule mungu, kwa nguo.

Nikamtumia mhariri picha yake. Kumbe nimetuma kwenye group la wanawake wa ukoo.

Nilitegemea kusomewa astaghfirullah kwa picha za utupu. Wapi! Shangazi Mwanahawa, kungwi wa kwetu Nyamisati, akaleta voice note:

"We mtoto, nani kampiga mwali picha mtoni?"

Nikaeleza: ni mchoro, wa Italia, wa zamani mno.

"Na huyo mwenzetu anayemfunika kanga? Naye Mtaliano?"

Group likawaka. Maji yapo, mwali yupo, wenzake wamemzunguka, somo wake anamsitiri. Na dume limeingia! Basi msomi wao nimeuza siri za ngoma kwa Wazungu.

Hapo ndipo palipouma. Mpwa wangu Zuhura, nesi kule Utete, alikuwa anaolewa, na alinichagua mimi niwe somo wake, nimfunde na kumsindikiza. Shangazi akanivua kazi hiyo mbele ya group zima. Zuhura akaniandikia neno moja: "Mamdogo?"

Nikaufungua mchoro upya. Nilikuwa nimejaza kurasa kwa mwanga na wekundu wa pazia. Sikuwahi kujiuliza wale wanawake wako pale kwa shughuli gani, na kwa nini mwanamume kuchungulia tu iwe balaa. Mimi, niliyechezwa!

Nililojifunza: nilikuwa nautazama kwa macho ya darasani, yangu nimeyaacha nyumbani. Wajuzi wa sanaa, na mliochezwa mnaojificha kama nilivyojificha, shusheni maoni.

Nilishakata tamaa, shangazi akapiga mwenyewe.

"Nijibu moja tu. Huyo mwanamume walimwachia?"

"Hata, shangazi. Yule bibi alimrushia maji, akageuka kulungu. Mbwa wake mwenyewe wakamrarua."

Nikamsikia akiwasimulia wenzie pembeni, na kicheko kikubwa cha wanawake.

"Kumbe na wao wamefundwa," akasema. "Ijumaa uje na kanga zako. Mwali anakungoja."