Mama Alifika Dar Kabla ya Maharage Kuiva

Harufu ya maharage yanayochemka kwenye jiko la mkaa hunitisha mpaka leo. Msinicheke. Nina watoto wangu sasa, lakini yakianza tu kutokota narudi kuwa mtoto wa darasa la pili pale Pasiansi, jirani na uwanja wa ndege, nimejibanza nyuma ya pazia.

Siku hiyo baba alimpeleka mama uwanja wa ndege. Mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Hata kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika njiani. Mjomba ndiye aliyesafiri naye kwenda Dar, hospitali. Mimi niliachwa na shangazi, dada yake baba, akainjika maharage. Ndege ilipita juu ya bati letu, nikaipungia mkono mpaka ikapotea.

Maharage yalikuwa bado magumu simu ya shangazi ilipolia. Alisikiliza, akashusha pumzi. "Baba yako huyo. Mama amefika Dar, salama kabisa."

Amefika? Dar nilikuwa naijua mimi! Tulishakwenda na mama kwa basi: tuliondoka na giza, nikalala, nikaamka Singida, nikalala tena, nikaamka Dodoma, na tulipoteremka giza lilikuwa limeshaingia tena, miguu imevimba kama mihogo. Leo afike kabla ya maharage kuiva? Halafu kwetu mtoto haambiwi msiba. Babu yangu wa Magu alipofariki, shangazi huyu huyu alituambia babu amekunywa uji vizuri. Jioni tukamkuta kwenye jeneza.

Basi nikajua mama amekufa.

Mara wanawake wa jirani wakaanza kuingia, kanga mabegani, wakinong'ona. Mama yangu! Nilichungulia dirishani kuona kama turubai la msiba limeshaletwa. Shangazi akanipakulia chakula, nikagoma.

"We mtoto, una nini leo?"

Nilijibanza nyuma ya pazia. Nilimwogopa, kwa jinsi alivyoweza kunidanganya huku anakata vitunguu.

Baba aliporudi nilimng'ang'ania suruali. "Shikamoo baba. Mama amekufa?"

"Nani kakwambia?"

"Amefika upesi mno."

Baba alikaa sakafuni palepale, na viatu vyake. Akampigia mjomba, akaniwekea simu sikioni. Nilisikia kwanza mtu anahema, kisha sauti ya mama, nyembamba: "Umekula?"

Nililia mpaka kwikwi zikanishika.

Nilishakuwa mtu mzima mama aliponisimulia yaliyobaki. Wale majirani walikuwa wamekuja tu kuulizia hali yake. Daktari alikuwa amemwambia baba kwamba kwa basi mgonjwa hafiki. Kwa ndege, saa moja na nusu hivi, labda. Ndege iliporuka, baba hakurudi nyumbani. Alikaa kule kule uwanjani, simu mkononi, akilia na kumwomba Mungu hadi mjomba alipopiga. Mimi nililia kwa sababu mama alifika upesi mno. Baba alilia akihofia hata upesi ule hautamtosha mama.