Sidiria ya Mashindano

Wiki moja kabla ya mashindano ya kwanza ya baiskeli ya wanawake mjini Shinyanga, miaka ile ya sabini, nilikuwa kwenye foleni ya duka la nguo. Mbele yangu mkunga mmoja kutoka Songwa aliomba sidiria. Mwenye duka akamsogezea moja ya lesi, akiifunika kwa kiganja.

“Hii ni ya kukaa nayo kanisani, baba,” mkunga akasema kwa sauti. “Mimi nakwenda kuendesha baiskeli kwenye barabara ya mashimo. Nipe yenye mikanda mipana, inayobana bila kunikata pumzi.”

Akaletewa nyingine, ya pamba nzito. Akaivaa pale pale juu ya gauni, akainama kama aliyeshika usukani, kisha akaruka mara tatu. Sisi wanaume kwenye foleni tukaanza kuikagua dari.

“Mama, watu wanaona!” mwenye duka akanong’ona.

“Wataona leo, au wataona zaidi siku ya mashindano. Chagua wewe.”

Akainunua, na kwenye mashindano akawa wa kwanza. Jumatatu nilipopita tena, wanawake wanne walikuwa wamejaa kwenye kaunta, na mwenye duka, bila aibu hata chembe, alikuwa akisema: “Ruka tena, mama. Hiyo bado inacheza.”