Sherifu Aliyeomba Kushindwa

Harlan Tidwell alikuwa ameshaagwa. Kwaya ya kanisa la Kibatisti ilikuwa imemwimbia, keki yenye umbo la beji ilikuwa imeliwa mpaka makombo, na watu wa Kaunti ya Tullow walikuwa wamemchangia boti ndogo ya kuvulia samaki, ambayo sasa ilikaa uani kwake juu ya trela. Mbele ya umati ule alivua kofia yake ya kazi, akamvisha naibu wake, Lurleen Pickard, akasema, "Huyu ndiye sherifu wenu ajaye. Mchagueni, mniache nikavue." Watu walicheka, wakafuta machozi, wakarudi kwenye mbavu za nguruwe. Mkewe, Opal, alishaanza kufunga sahani kwenye magazeti tayari kwa kuhamia kibanda chao cha ziwani.

Mtu akishaagwa namna hiyo, kurudi ni aibu. Harlan alirudi hata hivyo, na lililomrudisha ni bunge la jimbo.

Kwanza ieleweke alikuwa sherifu wa namna gani. Katika Tullow sherifu huchaguliwa kwa kura, na Harlan alitambua mapema kwamba mpigakura hasahau faini hata akisahau siku ya harusi yake. Kwa hiyo hakuwa akiandika faini. Akikuta gari linapita kama limefukuzwa, alilisimamisha, akaegemea dirisha, akauliza habari za miguu ya bibi na bei ya pamba, kisha akasema, "Punguza mwendo kidogo, mwanangu. Msalimie mama." Basi. Kwa salamu hizo alishinda kila uchaguzi bila kutoka jasho, na wapinzani wake wengi walimpigia kura yeye.

Majira ya kuchipua, seneta wa jimbo Royce Blanchard alikuja mjini akawaalika wakubwa wa kaunti chakula cha mchana. Alikuwa mtu wa suti nyeupe na viganja laini, anayekumbuka majina ya watu na ya mbwa wao. Alimgonga Harlan begani.

"Harlan, ndugu yangu, safari hii tumewakumbuka. Sheria ya Heshima kwa Masherifu imepita. Mshahara unapanda kwa atakayeapishwa baada ya uchaguzi. Na pensheni, usiseme! Karibu mara mbili. Tena hatumgusi mlipa kodi. Kila faini ya barabarani itakatwa kipande kiende kwenye mfuko wenu wa uzeeni."

"Na mimi ninayestaafu mwaka huu?"

Seneta alitafuna kambare wake polepole, kama mtu anayeonja utamu wa habari kabla ya kuitoa. "Pensheni mpya ni ya sherifu atakayeangushwa na wapigakura."

"Na anayeondoka mwenyewe?"

"Anayeondoka mwenyewe bila shaka amejipanga. Huyo abaki na ile ya zamani. Lakini yule aliyewatumikia watu, halafu watu hao hao wakamtupa, huyo lazima jimbo limfute machozi."

Kila aliyekuwa mezani alijua kwamba sherifu wa kaunti ya jirani alikuwa shemeji yake Seneta, na kwamba baada ya kukamatwa akiezekewa nyumba na wafungwa, hakuwa na tumaini la kupata kura hata ya mama yake. Wote waliendelea kula. Seneta ndiye aliyekuwa akilipia chakula.

Harlan alifika nyumbani akakaa jikoni bila kuvua viatu. Pensheni ya zamani ingemtosha kununua chambo cha samaki. Dawa za moyo za Opal zilihitaji ile mpya.

"Sasa nielewe," alisema Opal, sahani mkononi. "Ili tuzeeke vizuri, inabidi ugombee tena."

"Ndiyo."

"Halafu ushindwe."

"Ndiyo."

"Harlan, mume wangu, wewe hata kuku hujui kumfukuza jikoni. Utawafukuzaje wapigakura?"

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa karani wa kaunti, akajiandikisha kugombea, kisha akapita ofisini kumweleza Lurleen kabla hajasikia mitaani. Alichelewa. Lurleen alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia ile ile kichwani, uso umewiva.

"Mzee, ulinivisha kofia hii mbele ya watu! Mama yangu amepiga picha, kaiweka kwenye fremu!"

"Tulia, binti yangu. Nagombea ili unishinde."

Alimweleza yote. Lurleen alivua kofia, akakaa, akaiweka magotini.

"Unataka nikuseme vibaya?"

"Sana. Usinihurumie."

"Niseme nini?"

"Sema nimezeeka."

"Wanajua. Wanakupendea hivyo hivyo."

"Sema mimi mvivu."

"Mzee, hiyo ndiyo sababu wanakuchagua."

Walifikiri sana siku ile, naibu na mkuu wake, wakitafuta dhambi ya kumwangusha nayo, wasiione. Mwishowe Harlan akaamua kwamba kama hawezi kujiharibia jina, basi atalijenga la Lurleen. Alipakia mabango ya Lurleen kwenye gari la serikali, akaanza kuyapigilia kando ya barabara kwa nyundo yake mwenyewe, mchana kweupe. Kinyozi wa mji alipunguza mwendo, akateremsha kioo.

"Sherifu! Unampigilia mpinzani wako mabango?"

"Ndiyo. Mpigie kura. Msichana hodari."

Kinyozi alitikisa kichwa kwa mastaajabu, akaenda kusimulia kwenye kiti chake cha kunyolea. Kufikia Jumapili mchungaji alikuwa amemtaja Harlan mimbarani kama mfano wa mtu anayempenda adui yake. Akina mama walimletea mikate ya mahindi. Lurleen alimpigia simu.

"Mzee, unaniua. Jana bibi mmoja amenifungia mlango, kisa eti namsumbua mtakatifu."

Hapo ndipo Harlan alipokumbuka faini. Alijiona mjinga kwa kutozifikiria tangu mwanzo. Kila faini ingemkasirisha mpigakura mmoja, na wakati huo huo ingeingiza kipande kwenye mfuko wa masherifu. Bunge, bila kukusudia, lilikuwa limemtengenezea njia iliyonyooka kuliko barabara yoyote ya Tullow.

Aliegesha gari kwenye Kona ya Tolliver, pale ambapo barabara inashuka kutoka mashamba ya pamba na kupinda ghafla kabla ya daraja. Aliyenaswa wa kwanza alikuwa mchungaji, aliyekuwa akikimbilia mazishi.

"Harlan, mazishi hayanisubiri!"

"Marehemu hana haraka, mchungaji. Saini hapa."

Baada yake kinyozi, kisha mwalimu mkuu, kisha nusu ya kwaya iliyojazana kwenye gari moja. Mmoja wao alijaribu dawa ya zamani. "Mama anakusalimu, Sherifu."

"Mwambie nimepokea," alisema Harlan, akaendelea kuandika.

Opal naye alinaswa, akirudi kwa mfamasia. Alimtazama mumewe kwa macho ambayo Harlan hakuwa ameyaona tangu walipooana.

"Unaniandikia mimi?"

"Mpenzi, nikikuacha wewe watasema bado nina huruma, watanisamehe."

Mji ukawaka. Mkahawani watu walihama meza alipoingia. Mikate ya mahindi ilikoma. Mtu alichora masharubu kwenye bango lake la zamani, na Harlan alipoliona alipiga mluzi njia nzima. Usiku alilala kama mtoto mchanga. Lurleen alianza kupokewa kwa vigelegele, akashona suti mpya. Wiki chache kabla ya uchaguzi hakuna aliyetilia shaka kwamba Harlan angeshindwa vizuri.

Wazima moto wa kujitolea huandaa karamu ya kambare wa kukaanga kila mwaka wa uchaguzi, na wagombea huzungumza wakiwa juu ya trela ya trekta. Harlan alipopanda alizomewa. Aliupokea mzomeo ule kwa unyenyekevu, moyoni akihesabu dawa za Opal.

"Tangu lini unatukamua?" mtu alipaza sauti.

"Ni kwa ajili ya pensheni yake!" alidakia mwingine. "Nimesoma gazetini!"

Mzomeo ukapanda. Ndipo Verna Stokes aliposimama. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mnene wa sauti ndogo, na tangu amzike mwanawe Cody hakuwa amesimama mbele ya watu. Waliokuwa karibu naye walinyamaza kwanza, kisha wa nyuma yao, mpaka yakasikika mafuta yakichemka kwenye sufuria.

"Harlan," alisema, "Cody aliniletea salamu zako."

Harlan alishika ukingo wa trela.

"Aliingia jikoni anacheka. Akasema, 'Mama, Sherifu amenisimamisha pale Tolliver. Anakusalimu.' Nikacheka na mimi. Nikasema, mzee yule ana moyo mzuri. Mwezi haukuisha, nikaitwa pale pale Tolliver kuja kumtambua. Ungemwandikia faini ningejua. Ningemnyang'anya ufunguo. Nimekuchagua maisha yangu yote kwa sababu hukuwa ukituandikia. Mara hii nakuchagua kwa sababu unaandika. Ungeanza mapema, Harlan. Nasema hivyo tu. Ungeanza mapema."

Alikaa. Hakuna aliyemzomea mtu tena. Baba mmoja alimtazama kijana wake, akanyoosha kiganja, na kijana akatoa ufunguo wa gari mfukoni bila kuambiwa.

Mbele yake Harlan alimwona Cody akiwa dirishani mwa lile gari lake jekundu, meno nje, akisema asante Sherifu. Aliona haya kusimama pale akisifiwa kwa jambo alilolifanya kwa sababu aliyoijua mwenyewe. Akaamua aseme kweli, liwalo na liwe.

"Verna, usinisifu. Yule bwana pale nyuma amesema kweli. Nimeandika zile faini kwa ajili ya pensheni yangu. Nilitaka mnikasirikie mnitupe. Nagombea ili nishindwe."

Kinyozi akacheka. Mchungaji akacheka. Kicheko kikaenea karamu nzima, kicheko cha watu wanaomwona mzee wao akificha machozi kwa mzaha.

"Mwoneni!" alilia mwanamke mmoja wa kwaya, leso usoni. "Hata sifa hataki!"

Walimpigia makofi mpaka trela ikatikisika. Lurleen, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kuzungumza, alimtazama Harlan, akakunja hotuba yake mara mbili, akaitia kwenye pipa la mifupa ya samaki.

Harlan alishinda kwa kura nyingi kuliko wakati wowote maishani mwake. Katika kaunti ya jirani shemeji yake Seneta alishindwa vibaya sana, akafutwa machozi kama sheria ilivyoagiza.

Bunge lilipokutana tena, magazeti yalikuwa yameanza kuuliza kwa nini jimbo linamtuza sherifu aliyekataliwa na kumwadhibu aliyestaafu kwa heshima. Seneta Blanchard alisimama akasema kwamba jambo hilo limekuwa likimkosesha usingizi yeye mwenyewe. Sheria ikarekebishwa. Pensheni kamili sasa ingetolewa kwa kila sherifu aliyestaafu kwa hiari yake, isipokuwa wale ambao tayari walikuwa wamechaguliwa kwa muhula mwingine. Hao wangengoja mpaka muhula uishe. Seneta alimpigia Harlan simu yeye mwenyewe kumpa habari njema.

"Mshahara si umepanda lakini?" aliuliza kwa uchangamfu.

Ulikuwa umepanda, na dawa za Opal zilinunuliwa kwa mshahara huo. Opal alifungua magazeti, akarudisha sahani kabatini moja moja, kila moja akiigongesha kidogo ili Harlan asikie. Hakumsemesha kwa siku kadhaa, wala faini yake hakuilipa; Harlan ndiye aliyeilipa.

Kwenye Kona ya Tolliver aliendelea kukaa. Hakuna aliyemlazimisha sasa, na kipande kilichokatwa kwenye zile faini kilikwenda kuwalisha masherifu wa kaunti nyingine, wakiwamo walioezekewa nyumba na wafungwa. Alilijua hilo, na lilimuuma kila alipotoa kalamu. Aliandika hata hivyo. Vijana walimwita majina mapya, mengine ya matusi, na mwaka mzima hapakuchimbwa kaburi kwa ajili ya kona ile.

Asubuhi moja Lurleen alimletea kahawa pale, akaegesha gari lake ubavuni mwa lake. Walikuwa hawajazungumza sana tangu uchaguzi. Alimpitishia kikombe dirishani, wakakaa wakitazama barabara tupu.

"Bado umenikasirikia?" Harlan aliuliza.

"Suti ile nimeivaa mara moja, mzee. Unadhani?"

"Muhula ukiisha nitakusaidia."

Lurleen aligeuka upesi hata kahawa ikamwagika mapajani.

"Nakuomba, Bwana Harlan. Kwa jina la Mungu. Usinisaidie."

Lori la kubebea pamba lilitokea juu ya kilima likishuka kasi. Harlan aliweka kikombe, akawasha taa.