Kilichoua Matumbawe ya Apondi

Majirani wa Kaloleni, Nairobi, walipomwona Apondi akisaidiwa kushusha tangi la vioo kutoka kwenye pikapu, walidhani ameamua kuuza soda baridi. Kavinya, anayekaa mlango wa pili, ndiye aliyekuja kuuliza. Alipoambiwa ni tangi la samaki, akataka kujua ni wa kukaanga au wa kuchemsha.

"Wa kutazama," Apondi akamjibu.

"Wa kutazama tu?"

"Tu."

Kavinya alicheka mpaka akashika mlango. Jioni hiyohiyo akarudi na kiti chake, akakaa mbele ya kioo, chai ikampoa mkononi.

Tangi lilitoka kwenye kliniki ya meno mjini, ambako Apondi hufanya kazi ya kupokea wagonjwa. Kliniki ilipohamia vyumba vidogo, daktari hakuwa na pa kuliweka, akamwambia Apondi alichukue, maana ndiye aliyelijali kuliko wote. Lilikuwa la maji ya chumvi, na mbali na samaki wadogo wa manjano na buluu, lilikuwa na matumbawe hai. Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo mno waliobanana pamoja, kila mmoja na kinywa chake, na wakiridhika hujifungua kama maua. Apondi alikuwa na moja la matawi ya zambarau, jingine nene la kahawia lililofanana na uyoga mkubwa, na mengine madogo ya kijani yaliyotambaa juu ya mwamba.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kulitaka lile tangi, ambayo hakumwambia mtu. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo nyumba ilikuwa imenyamaza. Baba yake, mzee Ondiek, aliyekuwa fundi wa mitambo katika karakana za reli, hakuwahi kuwa msemaji sana, lakini sasa siku ingeweza kupita bila yeye kutamka zaidi ya salamu. Apondi alikuwa ameanza kuogopa kufungua mlango wa kwao jioni. Tangi angalau lilikuwa na sauti, pampu ikinguruma na maji yakichuruzika. Akaliweka sebuleni, mahali lilipokuwa kabati la vyombo la mama.

Ondiek alilitazama lilipojazwa maji, akauliza swali moja tu.

"Hawasikii baridi hao?"

"Kuna hita, Baba. Maji yao ni ya vuguvugu mchana na usiku. Ila mtu asitie mkono kabla hajanawa na kuondoa sabuni yote."

Mzee akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha ukaingia ule msimu wa baridi wa katikati ya mwaka, wakati Nairobi inapoamka na wingu na kulala na wingu, na matumbawe yakaanza kufa. La zambarau lilitangulia. Ncha za matawi yake zilipauka, ngozi ikachanika kama karatasi iliyolowa, ukabaki mfupa mweupe. Lile la kahawia likajikunja na kukataa kufunguka. Halafu asubuhi moja Apondi akakuta konokono wake, wale wanaolamba uchafu kwenye kioo, wamelala chali juu ya mchanga. Kamba mdogo mwenye mistari myekundu naye hakuonekana tena.

Apondi aliona uchungu, na aliona aibu ya kuona uchungu. Angemweleza nani kwamba ameshindwa kula kwa sababu ya konokono?

Alianza kwa kulaumu maji. Mabomba ya mtaani yalikuwa makavu na alikuwa amenunua mitungi kwa watu wa mikokoteni. Aliyapitisha kwenye kichujio kama kawaida kabla ya kuyatia chumvi maalumu, lakini nani ajuaye yametoka wapi? Alipopima chumvi, ilikuwa sawa. Akapima joto, likawa sawa. Stima ilikuwa imepotea mara kadhaa wiki hizo, akafikiri pengine hapo ndipo matumbawe yalipokosa hewa, lakini kila ilipopotea alikuwa ameyakorogea maji kwa mkono wake mwenyewe hadi iliporudi. Mwishowe akaenda kwa Kavinya kuuliza kama amepuliza dawa ya wadudu.

"Mende wangu nawaua kwa ndala," Kavinya akasema. Kisha akamtazama usoni, akaacha mzaha. "Pole, dada. Kwani wanakufa wote?"

"Wote isipokuwa samaki."

Jumamosi akampigia simu Munene, muuzaji wa samaki wa mapambo, ambaye ndiye aliyekuwa akija kuhudumia tangi wakati lingali kliniki. Munene aliingia akipangusa matope viatuni, akainama mbele ya kioo, akachungulia kila pembe.

"Samaki wanakula?"

"Kama kawaida."

"Na konokono wameisha?"

"Wameisha wote. Na kamba."

"Basi nadhani ni shaba," Munene akasema. "Shaba ikiingia kidogo tu, samaki wanaweza kuvumilia. Konokono, kamba na matumbawe hawawezi. Kuna kitu cha shaba humu, au kilichochanganywa na shaba."

Akachota maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa ya kupimia. Maji yakageuka buluu hafifu, rangi ambayo haikutakiwa kuwepo. Wakaanza kutafuta. Walifungua pampu, wakakagua hita, wakapapasa mchanga wote wakitafuta sarafu au waya. Ondiek aliinuka kitini, akawasaidia. Alivaa miwani, akaigeuzageuza pampu karibu na dirisha kama alivyofanya na vyuma maisha yake yote.

"Hii haina shaba," akasema. "Ni plastiki tupu, na mhimili ni wa kauri."

Hawakupata kitu. Munene akabadilisha sehemu kubwa ya maji, akaweka mfuko wa mkaa wa kuchujia, akamwambia Apondi apime tena baada ya siku chache. Rangi ya buluu ilitoweka. Halafu, pole pole, ikarudi.

Jibu alilipata bila kulitafuta. Siku hiyo maji yalikatika kliniki, na kwa kuwa huwezi kung'oa meno bila maji, wakawarudisha wagonjwa nyumbani. Apondi alifika Kaloleni saa ambayo hakuwahi kufika siku ya kazi. Mlango ulikuwa haujafungwa kwa komeo. Akausukuma, akasikia sauti ya baba yake ikizungumza kwa utulivu, maneno mengi kuliko aliyoyasikia kwa mwaka mzima. Akadhani kuna mgeni.

Hapakuwa na mgeni. Ondiek alikuwa amevuta kigoda hadi kwenye tangi, amepandisha mikono ya sweta, na viganja vyote viwili vilikuwa ndani ya maji. Alikuwa amefumba macho. Samaki wa manjano walizunguka vidole vyake bila woga, kama wanaomjua.

Apondi alisimama pale mlangoni asijue aingie au atoke.

"Baba," akaita mwishowe.

Mzee akafumbua macho, akatoa mikono haraka, matone yakimwagika sakafuni.

"Umerudi mapema."

"Maji yameisha kazini."

"Nilinawa," akasema. "Ulisema mtu anawe na aondoe sabuni yote. Kila siku nanawa, nasuuza mpaka sabuni iishe."

Kila siku. Apondi akaweka mkoba chini, akakaa kwenye mkono wa kochi, karibu naye.

"Mikono inauma?"

Ondiek akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba.

"Tangu baridi ianze, asubuhi vidole havifunguki. Hata vifungo vya shati vinanishinda. Humu ndani vinalegea."

Apondi alikuwa ameona kwamba baba siku hizi anavaa fulana na sweta tu, akadhani ni kutojali kwa mtu aliyefiwa. Hakuwa amefikiria vifungo.

"Mbona hukuniambia?"

"Una kazi zako. Na hawa samaki niliona hawajali."

Akasogea apate taulo, na hapo ndipo Apondi alipoiona. Bangili ya shaba kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ile ambayo watu wengi huvaa kwa ajili ya maumivu ya viungo. Alikuwa ameiona kwa miaka mingi sana hata akawa haioni tena. Sehemu iliyozoea kuwa nyeusi ilikuwa imeng'aa, na ngozi iliyo chini yake ilikuwa na doa la kijani.

Ondiek alifuata macho ya binti yake. Fundi aliyeishi na vyuma hakuhitaji kuelezwa.

"Shaba," akasema. "Kumbe ni mimi."

"Ni bangili, Baba. Wewe ulikuwa unatafuta joto."

Lakini mzee alikuwa tayari ameanza kuivuta, na vidole havikumtii. Apondi akamshika mkono.

"Mama yako ndiye aliyenivalisha," Ondiek akasema. "Nikimwambia haisaidii kitu, ananiambia niache ubishi. Kila Jumapili kabla ya kanisa alikuwa anaikaza isinidondoke."

"Utaivaa tena," Apondi akamwambia. "Ngoja kidogo."

Akaipanua taratibu mpaka ikatoka, akamfuta mzee lile doa kwa taulo. Kisha akaenda jikoni, akachemsha maji, akayapooza kwenye beseni mpaka kiwiko chake kikayakubali. Akaliweka beseni mapajani mwa baba yake, akamvisha tena bangili, akaizamisha mikono ya mzee majini na kuanza kuvikanda vidole, kimoja baada ya kingine.

"Haya yana moto kuliko yale," mzee akasema.

"Na hayana samaki wa kukusikiliza."

Ondiek akamtazama. "Ulinisikia?"

"Sauti tu. Sikushika maneno."

"Nilikuwa nawaambia habari za mama yako."

Apondi aliendelea kukanda.

"Niambie na mimi, basi," akasema.

Wiki iliyofuata alimpeleka kwa daktari wa viungo, mzee akarudi na dawa na amri ya kufanya mazoezi ya vidole. Munene alileta chembe maalumu za kunasa shaba, wakabadilisha maji tena na tena hadi kile kichupa kikabaki cheupe. Tumbawe la zambarau halikupona, wala yale mengi ya kijani. Apondi aliiacha ile mifupa mle ndani, samaki wakaifanya maficho yao. Munene alipomleta konokono mmoja wa kujaribia, Ondiek alimfuatilia siku nzima na kutoa taarifa kila Apondi alipopiga simu kutoka kliniki: amefika kona, amepumzika, sasa anapanda kioo. Jua la Septemba lilipoanza kuchoma mabati ya Kaloleni, lile tumbawe la kahawia lilinyoosha shingo na kufungua vidole vyake vyote, likayumba kwenye mkondo wa maji.

Beseni halikuacha kutoka jikoni hata joto liliporudi. Kila jioni Apondi huvua viatu vya kazi, huchemsha maji, huketi karibu na baba yake mbele ya tangi. Siku nyingine hunyamaza wote wawili. Siku nyingine mzee huanza katikati ya habari, kana kwamba Apondi alikuwepo tangu mwanzo.

"Unajua mama yako alikuwa anaogopa samaki?" alimuuliza juzi.

"Mama? Aliyezaliwa Homa Bay, kando ya ziwa?"

"Samaki aliyekufa alimpika vizuri sana. Lakini akiwa hai, hakumgusa kamwe. Siku ya kwanza nilipoenda kwao kujitambulisha, si nilimpelekea mmoja ndani ya ndoo..."

Na Apondi, mikono ikiwa majini, akamwambia aeleze yote, asiruke kitu.