Hema Hukatwa kwa Fimbo ya Mwenyewe

Kila mvua za vuli zinapoanza kugonga bati, mwanangu, huwa narudi kwenye asubuhi moja ya ujana wangu pale Buzuruga, asubuhi ambayo kijana mmoja aliingia uani na blanketi lililolowa, akalibwaga juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa bila hata kupiga hodi.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinionyesha hema kwenye simu yako. Ukasema ni jepesi kuliko viatu vyako, na kwamba linashonwa na mtu na mke wake nyumbani kwao, si kiwandani. Mpaka hapo ulikuwa na furaha. Kisha ukaanza kulalamika kwamba wanakuchelewesha kwa maswali. Una urefu gani, utalala kwenye majani au kwenye mawe, unalala chali au ubavu. Ukaniambia, "Mama mkubwa, mimi ni mteja, si mgonjwa." Nilicheka, lakini sikukujibu. Jibu langu ni refu kidogo. Sogeza kigoda, ukae.

Mimi nilianza kushona mahema kabla sijaolewa. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, nimevaa aproni na buti za mpira, nasimama kwenye maji baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Siku moja niliivua ile aproni nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Minza, dada yake baba, aliyekuwa na cherehani mbili na wateja wa sare za shule. Nikamwambia nataka kushona mahema. Nyumba nzima ilinicheka. Kaka zangu wakasema nikishindwa nirudi kiwandani nikaombe aproni yangu, kama bado ipo. Hilo lilinichoma, kwa sababu nilijua ni kweli. Sikuwa na mlango mwingine.

Kwa nini mahema? Parokiani kwetu kulikuwa na kundi la vijana waliokwenda hija kwa miguu kila mwaka, siku kadhaa kandokando ya ziwa, wanalala kwenye viwanja vya shule. Walibeba maturubai ya kufunikia magari. Mtu anafika hija mabega yamechubuka, hana hata nguvu za kusali. Mimi nikatafuta kitambaa cha parachuti, chembamba, ambacho ukikikunja kinaingia kwenye sufuria ndogo ya uji. Nguzo za chuma nikaziacha. Watu wetu hutembea na fimbo, na Msukuma akiwa njiani bila fimbo hujiona kama ametoka bila shati. Basi fimbo yako ndiyo ikawa nguzo. Mbele unasimamisha fimbo, nyuma unafunga kamba chini kwenye kigingi, pembeni vigingi vichache, umelala.

Shangazi alikuwa na sharti moja tu. Hema halikatwi mpaka mwenye fimbo asimame uani na fimbo yake. Utaisimika fimbo chini, tutakutupia kitambaa juu, utalala kwenye mkeka tuone miguu inafika wapi, na shangazi ataicheka hiyo miguu yako, kisha mimi nitapitisha chaki. Usidhani alikuwa mjuzi wa mahema. Hakuwahi kulala hata kwenye moja, na alisema hataki. Sharti lile alilitoa kwenye magauni. Alisema gauni halikatwi kwa maneno, na hema ni gauni la mtu aliyelala.

Mahema ya kwanza yalikwenda vizuri, watu wakasifu. Na mgema akisifiwa, unajua mwenyewe tembo hulifanyaje.

Sasa kulikuwa na kijana wa lile kundi, anaitwa Masanja, karani wa duka kubwa la vifaa pale Nyamagana. Mtu wa kusikilizwa na wenzake. Alinipigia simu akasema anataka hema upesi, kwa sababu kundi lingefanya matembezi ya majaribio. Lakini kuja Buzuruga hana nafasi, bosi wake ni mkali. Akasema atamtuma bodaboda na fimbo. Na mimi nilikuwa nimesikia kwamba Mwalimu Yusto, kiongozi wa mahujaji, anataka kuona mahema machache njiani, halafu aamue kama kundi lote litachukua kwangu. Masanja akilala vizuri, nimepona. Shangazi alikuwa Buhongwa msibani. Bodaboda akaja na fimbo fupi iliyozungushwa waya kichwani, akanisubiri nipime, akaondoka nayo. Nilikata kitambaa jioni ileile. Sharti la shangazi nililikumbuka vizuri kabisa. Nilijiambia tu kwamba fimbo ni fimbo.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya blanketi. Masanja hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa Mwalimu Yusto, mtu mrefu, mpole, amevaa koti la mvua. Alimwamkia shangazi, ambaye alikuwa amesharudi kutoka msibani, shikamoo, akapewa marahaba na kiti. Masanja ndiye aliyesema. Walilala kwenye uwanja wa shule mlimani, juu ya mwamba. Mvua ikatoka ziwani na upepo. Hema lilining'inia, pindo halikugusa chini kila upande, na maji yakapita chini yake kama yamekaribishwa. Fimbo haikuweza kudidimia kwa sababu ya mwamba. Alijaribu kuilaza kidogo, upepo ukaiangusha. Akahamia kwa mwenzake, wakabanana mpaka asubuhi.

Nilisikia masikio yanawaka. Nilimwona Mwalimu Yusto anaangalia mahema mengine yaliyokunjwa rafuni, nami nikaiona aproni yangu. Kisha nikaona kitu kingine. Nikaona fimbo aliyoshika Masanja. Ilikuwa ndefu, nyeusi kwa kushikwa, imenyooka, wala haikuwa na waya kichwani. Ilizidi ile ya bodaboda kwa shibiri nzima.

Mwanangu, sitakuficha, nilifurahi. Nilimwambia mbele ya mwalimu kwamba hiyo siyo fimbo iliyoletwa hapa. Masanja akainamisha macho. Akasema ile ilikuwa ya ndugu yake, Doto. Hii ya kwake alipewa na baba yake siku alipotoka nyumbani kuja mjini, na asingeweza kumkabidhi mtu wa pikipiki azunguke nayo barabarani kama muwa. Alidhani tofauti ni ndogo. Hapo unaelewa: kwetu mtu atakuazima shati lake, atakupa hata kitanda chake ulalie, lakini fimbo ya baba yake haipandi bodaboda. Mimi pia ni wa kwetu, nilimwelewa. Lakini sikutaka kuelewa siku ile. Nikamgeukia Mwalimu Yusto nikamwambia, kwa sauti ya juu kidogo, kwamba amesikia mwenyewe, kosa si la hema.

Shangazi alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kabula, ile fimbo uliletewa na nani?"

"Na bodaboda, shangazi."

"Basi hema lile ulimshonea bodaboda. Mwite aje alilalie."

Mwalimu Yusto alicheka mpaka akashika magoti. Masanja naye akacheka. Mimi sikucheka, niliona aibu ya kutosha kunilisha wiki. Shangazi akapepeta maharage yake, akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Huyu alidanganya fimbo. Wewe ulimkatia nguo mtu usiyemwona. Msigombanie kosa kama mnagombania urithi. Tandika mkeka."

Nikatandika. Masanja akalala chini na suruali yake ya kazini, fimbo ya baba yake ikasimama, kitambaa kikatupwa juu, na kweli, pindo lilikuwa linaelea. Shangazi akaicheka miguu yake kama kawaida. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimeisha, kimebaki cha rangi ya chungwa. Nikaongeza pindo la rangi ya chungwa kuzunguka hema lote, Masanja akinishikia upande mmoja ili lisivute. Tulizungumza kidogo tu. Aliniuliza kama vidole bado vinauma kwa baridi ya kiwandani, nikasema vimepona. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu. Siku ile ndipo nilipojua kwamba na hema halishonwi na mtu mmoja.

Mwalimu Yusto aliaga vizuri, akashukuru chai. Kuhusu mahema ya kundi hakusema lolote, na mimi sikuthubutu kuuliza. Zikapita siku. Nilishona sare za shule. Usiku nilifikiria kiwanda, buti, maji baridi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mwezi ukiisha nitakwenda kuongea na msimamizi.

Jumatatu moja, hodi mlangoni. Msichana amesimama na fimbo. Akamwamkia shangazi, akasema amekuja kupimwa. Kabla sijapitisha chaki, hodi nyingine. Kisha nyingine. Mpaka saa sita fimbo zilikuwa zimeegemezwa ukutani kuanzia jikoni mpaka kwenye tangi la maji, nyembamba, nene, moja imepinda kama imechoka, na wenyewe wamekaa chini wanasubiri, wanapigwa na jua. Shangazi akamuuliza yule msichana ni nani aliyewatuma. Akasema, jana baada ya misa, Masanja alisimama na hema lake lenye pindo la rangi mbili akawaeleza yaliyompata, pamoja na uongo wake kuhusu ile fimbo. Hakulisifu hema hata kidogo. Alisema tu, "Msitume mtu. Nendeni wenyewe, na fimbo zenu."

Niliingia ndani nikalia kidogo, kisha nikanawa uso nikatoka na chaki.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hema lile la kwanza la Masanja sijui ningeliweka upande gani. Ila najua lingejitembeza hadi wapi kama angelisimulia mitaani bila kurudi kwanza kwangu. Nisingekushonea ile shuka yako ya ubatizo. Ningekuwa nakata minofu.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukitaka kitu cha dukani, nunua uondoke, hakuna anayekudai jina. Lakini ukitaka kitu kutoka kwa mtu anayeshona nyumbani kwake, kubali akujue. Anakuuliza kwa sababu hema hilo litakuwa lako peke yako, halitamtosha mwingine. Mjibu ukweli, hata ukweli unaokuaibisha. Kama unakoroma na kujigeuza kama samaki aliyevuliwa, mwambie, akuongezee nafasi. Akikuambia subiri, subiri. Kama unaweza kwenda, nenda mwenyewe. Huwezi kwenda, basi pima kwa mkono wako na fimbo yako, si ya Doto. Na likivuja, mrudie aliyelishona kabla hujawaambia wengine. Huenda nusu ya kosa ni lako, na pindo likaongezwa asubuhi moja.

Mimi macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Cherehani moja iko Buhongwa kwa binti niliyemfundisha, na nasikia naye anawacheka watu miguu. Hivyo chukua simu yako, uwajibu wale watu maswali yao yote.

Mungu akujalie njia ndefu na mzigo mwepesi. Akupe watu wa kukushikia kitambaa upande wa pili kisivute. Na popote utakaposimamisha fimbo yako, mvua ipite juu yako, isipite chini yako.