Nilimtabiria Kiti cha Mjomba Wake

Msomaji mwenzangu, sitaki unihurumie. Mimi ni mwanamke wa hapa Babati mjini, na kuna mwanamume amelala kaburini kule Mutuka kwa sababu ya maneno niliyoyatunga kwa mdomo wangu. Sikumgusa. Lakini kama ningenyamaza, leo angekuwa anapalilia shamba lake.

Majina ya watu nimebadilisha. Langu nalificha, wala si kwa kuogopa polisi, maana polisi wanajua yote. Ni aibu tu.

Kazi yangu ilikuwa kusuka. Nilikuwa na saluni ndogo karibu na soko, na kila Jumatano mchana nilikuwa nafunga na kuongoza maombi sebuleni kwangu. Tulikuwa wanawake wachache, na tulianza kwa nia njema kabisa. Siku moja nikamwombea mtoto wa jirani aliyekuwa na homa kali, akapona. Hospitali walikuwa wameshampa dawa, lakini mama yake hakuzitaja hizo dawa. Akaanza kutangaza mtaa mzima kwamba mimi naona.

Ningekataa pale pale yangeisha. Sikukataa. Mimi nimezaliwa milimani Mbulu, kwenye nyumba ya watoto wengi, msichana wa mwisho, wa kutumwa kuni na maji. Nimekua, nimeolewa, nimezaa, na maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunyamaza ili anisikilize mimi. Sasa nikifumba macho, chumba kizima kinanyamaza. Utamu wake siwezi kukueleza.

Na huko kuona kwenyewe kulikuwa rahisi. Mwanamke akikaa kusukwa atasema yote: mume kafanya nini, mtoto kafeli nini, nani anadai shamba la nani. Nilichosikia saluni Jumatatu, Jumatano kilikuwa maono. Nilijiambia nawatia watu moyo. Uongo mtupu. Nilikuwa najipandisha mimi.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Mama Neema. Mume wake, Baba Neema, alikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima, hao wanaokusanya mbaazi na alizeti na kutafuta wanunuzi. Alikuwa mtu mpole, anayeheshimika. Makamu wake alikuwa Petro, mtoto wa dada yake. Baba yake Petro alifariki Petro akiwa mdogo, Baba Neema akamchukua, akamlea, akamsomesha, akampeleka kwenye ushirika akamfundisha kazi. Petro mpaka anakuwa mtu mzima alikuwa anakula mezani kwa mjomba wake.

Siku moja namsuka Mama Neema, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mume wake presha inamsumbua na daktari amemwambia apumzike. Mavuno yakiisha angetangaza kwenye mkutano mkuu kwamba anaachia kiti, na angewaomba wanachama wampe Petro. Akaniomba nisimwambie mtu yeyote, hata Petro mwenyewe alikuwa hajui. Mzee alitaka amfurahishe mbele ya watu.

Nikamwapia kwamba sitasema. Kweli sikusema. Nilifanya kibaya zaidi.

Jumatano iliyofuata, Mama Neema hayupo, Petro akaja kwenye maombi. Alikuwa hajawahi kuja. Alikaa nyuma karibu na mlango, kijana mtanashati mwenye miaka thelathini na kidogo, anayejulikana kila mahali. Nikawaza, huyu nikimpata, nyuma yake watakuja wanaume, watakuja viongozi. Nikafumba macho. Nikamwita mbele, nikamwekea mkono kichwani, nikamwambia namwona amekaa kwenye kiti cha mjomba wake.

Akapiga magoti pale pale. Wanawake wakaanza kulia na kushangilia. Mimi moyoni nilikuwa nacheka kwa furaha, maana nilijua kabisa jambo hilo linakuja.

Siku chache baadaye akanifuata saluni mchana, hakuna mteja. Akasema hapati usingizi. Alitaka kujua itakuwaje, maana mjomba wake ni mzima, watu wanampenda, na hana dalili yoyote ya kuondoka.

Hapo ndipo palikuwa pa kumwambia, Petro, mimi nimesikia tu, wewe subiri. Maneno matatu manne yangetosha. Lakini ningekuwa nabii gani tena? Nikakunja uso, nikasema:

"Mjomba wako ataondolewa. Mavuno hayataisha akiwa bado yupo. Na wewe usikae tu."

Nilipomwambia asikae tu, nilikuwa na maana ya kuomba na kufunga. Nafikiri. Siku hizi hata hilo sina hakika nalo. Pengine sikuwa na maana yoyote, nilipenda tu lilivyosikika.

Mwaka ule bei ya mbaazi ilianguka. Baba Neema akaona si vizuri kuwaacha wakulima kwenye shida, akaamua aendelee mpaka mzigo uliobaki ghalani upate mnunuzi. Mavuno yakaisha, mkutano haukuitwa. Mama Neema alikuja akanilalamikia kwamba mume wake hataki kupumzika. Mimi nilichowaza ni kwamba neno langu limechelewa, watu watasemaje. Sikuwaza kabisa kwamba kuna mwingine naye anahesabu siku.

Jumapili moja baada ya ibada, Petro akamchukua mjomba wake wakaenda Nakwa, upande wa ziwani. Alimwambia kuna shamba linauzwa ng'ambo ya matete na njia fupi ni kwa mtumbwi. Jioni Petro alirudi peke yake, amelowa, analia, anasema kiboko ameupindua mtumbwi. Nani angebisha? Ziwa letu lina viboko, na wameshaua watu. Mwili ulipatikana kesho yake kwenye matete.

Tulimzika Mutuka. Mimi niliongoza nyimbo. Petro alilia kuliko hata watoto wa marehemu, mpaka wakamshika mikono asiangukie kaburini.

Wiki haijaisha akaja saluni asubuhi, nimefungua tu. Hakukaa. Akasema, "Mama, nimefanya ulivyoniambia."

Nikamuuliza nimekuambia nini.

"Uliniambia nisikae tu."

Nilielewa. Naapa nilielewa pale pale. Na unajua nilisema nini? Nilimwambia, "Usiniambie." Nikageuka, nikaanza kufagia nywele. Alisimama kidogo, kisha nikasikia pikipiki yake inaondoka.

Kwa nini sikwenda polisi siku ile? Nimejiuliza sana. Niliogopa, ndiyo. Lakini nitasema ukweli wote, maana nimekuja kuungama. Petro alichaguliwa kuwa mwenyekiti, na Jumatano iliyofuata akaja kutoa ushuhuda. Akasimama mbele akasema mama huyu aliniona kabla. Habari ikaenea. Watu wakaanza kuja kutoka Magugu, Dareda, Galapo. Bajaji zilijipanga mlangoni kwangu. Sebule ikawa ndogo, tukajenga banda la mabati uani, na mabati aliyaleta Petro. Nilikuwa nasimama chini ya mabati yale nahubiri, na nilijua yametoka wapi.

Kisha akaja Mama Neema. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa msiba, rafiki yangu niliyekuwa namsuka. Akapiga magoti mbele yangu kama watu wengine; nadhani kwa majonzi hakuunganisha utabiri wa Petro na siri aliyoniambia mwenyewe. Akasema mume wake alikuwa anaogopa maji tangu utoto, hata kunawa miguu ziwani alikuwa hataki. Alipandaje mtumbwi? Petro alimwambia nini? Akanishika miguu.

"Rafiki yangu, wewe unaona. Niangalizie. Niambie mume wangu alikufaje."

Nikafumba macho. Nikamwambia namwona amepumzika mahali pazuri, na aache kuulizauliza, anamsumbua marehemu. Akanishukuru. Alinishukuru, jamani, akanibusu mkono.

Lakini hakuacha kuuliza. Aliwauliza wavuvi wa Nakwa, akamuuliza mwenye mtumbwi, akauliza ni shamba gani hilo lililokuwa linauzwa. Hakulipata, kwa sababu halikuwepo.

Ndipo Petro akaja mara ya mwisho. Alikuwa amekonda, macho mekundu, ananuka pombe mchana. Tulikuwa wawili tu chini ya mabati. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama, nikaitikia. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha:

"Mama Neema ameanza kuchimba. Mungu anasema nini juu yake?"

Nilimtazama nikaona kwamba huyu kijana anasubiri agizo. Lolote nitakalosema, atakwenda kulifanya. Hata nikinyamaza, atakwenda kutafuta maana kwenye ukimya wangu.

Nikamwambia, "Petro, mimi sijawahi kuona kitu chochote."

Akadhani namjaribu. Akatabasamu.

"Sikuona," nikarudia. "Mama Neema ndiye aliyeniambia, namsuka. Mjomba wako alikuwa anastaafu. Kiti alikuwa anakuachia wewe. Alikuwa anangoja mzigo uuzwe tu."

Tabasamu likamtoka. Kisha akauliza, "Mimi?"

"Wewe. Alishataja jina lako."

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Aliinama akaanza kusugua viganja vyake kwenye magoti, taratibu, anaendelea tu. Mwisho akauliza mbona hukuniambia.

Nilimwacha amekaa pale, nikapanda bodaboda mpaka kwa Mama Neema. Nilimkuta anachambua maharage nje ya jiko. Nikamweleza yote, tangu siku aliyoniambia siri yake. Hakulia. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye ungo mpaka nikamaliza. Akasema, "Nilikuambia kwa sababu ulikuwa rafiki yangu." Akajifunga kanga yake, akasema twende polisi, na tukitoka huko nisije tena nyumbani kwake. Sijakwenda tena.

Petro walimkuta palepale nilipomwacha. Hakukimbia, hakubisha, alisema kila kitu mwenyewe. Mahakama ilimhukumu kifo. Yuko gerezani anasubiri kamba ambayo haijulikani kama itakuja.

Mimi nilitoa ushahidi nikarudi nyumbani. Waliniuliza maswali mengi, lakini hakukuwa na kifungu cha sheria kilichonishika. Mume wangu hakuhitaji kifungu. Alichukua watoto akarudi kwao Mbulu. Wateja walihama. Waliokuwa wanapiga magoti kwangu sasa wakiniona sokoni wanavuka upande wa pili, na ni haki yao. Mabati nimeyang'oa. Nauza chai na maandazi, na mtu akikaa kunywa chai akaanza kunieleza mambo yake, naondoka naenda kuosha vikombe.

Wewe unayesema Mungu amekuambia na hajakuambia, nisikilize. Hujui aliyekaa mbele yako amebeba nini kifuani. Unamrushia neno kwa ajili ya sifa zako, yeye anakwenda nalo nyumbani, analala nalo, mwisho analitendea kazi. Na wewe unayekwenda kuangaliziwa kesho yako, kabla hujapiga magoti, muulize huyo mtu jana alikuwa anaongea na nani. Kama una haki ya kupata kitu, ngoja. Petro alikuwa amebakiza kungoja tu.

Kuna mtu mmoja ambaye hajaacha kuja kwangu. Ni mama yake Petro, dada wa marehemu. Bibi kizee, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiiraqw, anatembea kwa mkongojo. Amempoteza kaka na mtoto kwa pamoja. Nimemweleza mara nyingi kwamba nilidanganya, kwamba sina maono na sikuwahi kuwa nayo. Haamini. Anadhani namficha jambo baya.

Alikuja tena wiki iliyopita. Nikampa chai. Akauliza Petro atatoka lini. Nikamwambia, mama, mimi sioni. Akauweka mkono wangu juu ya kichwa chake mwenyewe, akaushikilia pale, akasema:

"Jaribu tu, mwanangu."